Nyumba Huokolewa Mwezi wa Tano



Kila mwaka mambo ni yaleyale. Mvua inakwisha mwezi wa nne. Majani yanayozunguka makambi yetu yamekuwa marefu kupita mtu, lakini hakuna anayeyaogopa kwa sababu bado ni mabichi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inapita, majani yanageuka rangi ya njano. Mwezi wa nane miti ya miombo inaangusha majani yake chini. Mwezi wa tisa jua linawaka, upepo unavuma, na moshi unaonekana pande zote. Ndipo watu wanatoka mbio na ndoo na matawi mikononi, wakiuliza: «Kampuni iko wapi? Wazima moto wako wapi?»

Mimi nasema: swali hilo linaulizwa wakati umekwisha kupita. Nyumba haiokolewi mwezi wa tisa. Nyumba huokolewa mwezi wa tano, kwa ufagio, jembe na panga, na wanaoiokoa ni wale wanaolala ndani yake pamoja na majirani zao. Najua maneno haya hayatampendeza kila mtu. Kwa hiyo nitaeleza sababu, moja moja.

MOTO WA PORI SI MGENI KWETU

Katika Katanga ya juu tuna miezi sita hivi ya mvua, na miezi sita hivi bila mvua. Nchi ya namna hii hukuza majani mengi, kisha huyakausha. Hivyo moto wa pori upo tangu zamani za babu zetu. Bara la Afrika peke yake lina zaidi ya nusu ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka. Mwezi wa nane 2019, wakati dunia nzima ilipokuwa ikililia msitu wa Amazon, picha za satelaiti zilionyesha kwamba Angola na Kongo zilikuwa na mioto mingi kuliko Brazil.

Tusikosee hapo. Sehemu kubwa ya mioto yetu ni ya majani, nayo majani huota tena mvua ikirudi. Moto wa pori wenyewe si dhambi. Mkulima anachoma shamba. Mchoma makala anafukiza tanuru lake. Mtafuta asali anatumia moshi kufukuza nyuki. Vijana wanachoma majani ili kutoa panya wa pori. Kila mmoja ana sababu yake, na kila mmoja hufikiri kwamba moto wake ni mdogo.

Hatari inakuja pale pori na manyumba yanapokutana. Zamani makambi ya kazi yalijengwa kwa mistari, yenye barabara pana, na kila kitu kiliangaliwa na mkubwa wa kambi. Leo miji yetu imepanuka. Pembeni ya nyumba za zamani za matofali ya kuchoma kuna nyumba mpya za matofali mabichi, majiko ya majani, vibanda vya mbao na bashi za plastiki. Mahali palipokuwa na nafasi tupu, sasa kuna lupango juu ya lupango. Pori halikusogea kwetu. Sisi ndio tuliosogea porini.

ADUI SI MWALI MKUBWA, NI CHECHE

Watu wengi wanafikiri kwamba moto unakuja sawasawa na ukuta, unaifikia nyumba na kuimeza. Ndiyo sababu wanasimama mbele ya mwali mkubwa na kuuangalia huo tu. Lakini wataalamu walioangalia manyumba yaliyoungua wamejifunza jambo jingine.

Jack Cohen, mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani, alitumia miaka mingi kutafuta jibu la swali moja: kwa nini nyumba hii imeungua na ile ya jirani imesalia? Katika majaribio yaliyofanywa kaskazini ya Kanada, kuta za mbao zilisimamishwa karibu na msitu, kisha msitu ukawashwa moto. Ukuta uliokuwa mita 10 kutoka kwa miti uliweza kuwaka. Ule wa mita 30 haukuwaka, ijapokuwa mwali ulikuwa mrefu kupita miti yenyewe. Sababu yake ni hii: mwali mkubwa hupita upesi, na joto lake hupungua sana kadiri unavyokaa mbali.

Basi, manyumba huunguzwa na nini? Mara nyingi ni cheche. Upepo huokota vipande vya majani na magome yanayowaka, unavirusha mbele ya moto, vinaanguka juu ya paa, kwenye veranda, ndani ya takataka, kwenye gunia la makala. Cheche moja ikikuta kitu kikavu, hutulia hapo, hukila polepole, na baada ya saa moja au mbili, wakati watu wamekwisha kushangilia kwamba moto umepita, nyumba inawaka.

Mtu atasema: «Nyumba yangu ni ya matofali na mabati, haina la kuogopa.» Ni kweli kwamba matofali hayaungui, na mabati yetu, yale tunayoyaita manjanja, hayaungui. Lakini angalia vizuri. Chini ya manjanja kuna mbao. Kati ya ukuta na paa kuna nafasi wazi ambamo popo wanapita, na panapopita popo cheche itapita pia. Ndani kuna plafo ya mbao au ya kitambaa. Dirishani kuna pazia. Nyuma kuna jiko la majani lililoegemea ukuta. Kando ya mlango kuna magunia ya makala na bidoni la esanse la pikipiki. Nyumba ya matofali huungua kwa vitu vyake vya mbao na vya nguo, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tuliviweka njiani mwa moto.

MJI MMOJA WA WAFANYAKAZI

Nitoe mfano wa mbali, kwa kuwa unahusu wafanyakazi kama sisi. Fort McMurray ni mji wa Kanada ambao watu wake wengi huishi kwa kazi ya kuchimba mchanga wenye mafuta. Ni watu wenye kofia za kazi, wenye zamu za usiku na mchana, na makampuni yao yana magari ya zima moto mazuri. Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2016, moto wa msitu ulionekana karibu na mji huo. Tarehe 3 watu wote waliamriwa kuondoka. Walikuwa zaidi ya 80.000. Moto ulivuka mto Athabasca, wenye upana wa mamia ya mita. Majengo karibu 2.400 yaliteketea.

Mto mzima haukuuzuia moto ule. Cheche ziliruka juu ya maji. Baadaye mtaalamu alipita katika makartie ya mji huo akilinganisha manyumba yaliyosalia na yaliyoungua. Aliona kwamba cheche zilifanya kazi kubwa ya kuwasha manyumba ya kwanza, na kwamba manyumba mengi yaliyosalia ni yale ambayo wenyewe walikuwa wamesafisha pembeni yake: hakuna majani makavu, hakuna kuni ukutani, hakuna kichaka chini ya dirisha. Tena, nyumba moja ikisha kuwaka, ilikuwa ikiwasha ya jirani, na ya jirani ikawasha ya tatu. Kuanzia hapo haukuwa tena moto wa msitu. Ulikuwa moto wa manyumba.

Nchi yao ina misonobari na theluji, yetu ina miombo na jua. Lakini cheche ni cheche. Kama mto wenye upana wa mamia ya mita haukutosha, je, njia ya hatua tano iliyolimwa pembeni ya kambi itatosha?

BARABARA YA MOTO NI NZURI, LAKINI HAITOSHI

Hapa ndipo ninapotofautiana na wandugu wengi. Kila mwaka katika mikutano ya usalama tunasikia maombi yaleyale: kampuni ilete mashine, ipasue barabara ya moto kuzunguka kambi, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Sikatai barabara ya moto. Ni kazi inayofaa. Moto wa majani ukikuta udongo mtupu, unapungua nguvu, na watu wanapata mahali pa kusimama ili kuuzima. Inapashwa kuwa pana zaidi upande wa mashariki na wa kusini, kwa sababu upepo wa kiangazi huku kwetu hutoka mara nyingi upande huo. Mahali penye mlima inapashwa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa moto unaopanda huenda mbio kuliko ule unaotembea mahali tambarare. Tena isafishwe upya katikati ya kiangazi, kwa maana barabara ya moto iliyojaa majani makavu ni utambi tu.

Ninachokataa ni kulala usingizi nyuma ya barabara hiyo. Mtu anaiona pale pembeni ya kambi, anasema moyoni: «Tumekingwa.» Basi anaacha takataka nyuma ya nyumba na majani juu ya paa. Siku cheche zitakaporuka, barabara ya moto itakuwa nyuma yao, na adui atakuwa ndani ya lupango.

Katika mgodi sisi tunaelewa mambo haya vizuri sana. Ghala la baruti halilindwi na waya wa nje peke yake. Majani yanafyekwa kulizunguka, hakuna kitu cha kuwaka kinachowekwa karibu, hakuna anayevuta sigara hapo. Hakuna kapita atakayekubali gunia la makala kando ya tangi la mafuta. Tunatii kanuni hizo bila kunung'unika kwa sababu tunajua hatari. Sasa, ni kwa nini mtu huyohuyo akivua kofia ya kazi na kurudi nyumbani kwa bibi na watoto, anaacha kanuni zote langoni mwa mgodi? Je, baruti ina bei kuliko watoto?

HATUA KUMI ZA KWANZA

Basi, tufanye nini? Simama mlangoni kwako, hesabu hatua kumi kila upande. Hiyo ndiyo ngome yako. Kazi yake haiombi franka nyingi.

1. Juu ya paa. Ondoa majani yaliyoanguka, hasa mahali mabati yanapokutana na ndani ya mifereji ya mvua. Mwembe una kivuli kizuri, lakini majani yake makavu ni chakula cha cheche. Kata matawi yanayogusa paa.

2. Chini ya paa. Ziba nafasi zilizo wazi kwa udongo, matofali au waya wenye matundu madogo. Ukiziba, acha hewa ipite kupitia waya, kwa sababu nyumba isiyo na hewa ina hatari nyingine, zaidi kwa wale wanaowasha mbabula.

3. Ukutani. Usiegemeze kuni, mbao, mikeka wala magunia ya makala kwenye ukuta. Yapeleke mbali, mwisho wa lupango, na uyafunike. Bidoni la esanse halina nafasi ndani ya nyumba wala kando ya jiko.

4. Jiko la majani. Kama huwezi kulijenga kwa matofali, lisogeze mbali na nyumba. Mbabula izimwe kabisa kabla ya kulala. Majivu ya moto yasimwagwe kwenye takataka, yamwagwe ndani ya shimo na kumwagiwa maji.

5. Uzio. Uzio wa matete au wa majani makavu ni kamba inayouleta moto kutoka kwa jirani hadi kwako. Panda uzio wa miti mibichi. Kama bado una uzio wa majani, ondoa kipande cha hatua mbili kati yake na nyumba.

6. Takataka. Usichome takataka mchana wa kiangazi. Chimba shimo, ufukie. Mioto mingi inayoitwa ya pori ilizaliwa katika lundo la takataka.

7. Maji. Umeme ukikatika, pampu husimama na robine hukauka, na moto unaweza kuwa ndio uliokata umeme. Weka pipa au ndoo mbili zilizojaa maji kila siku ya kiangazi, pamoja na ndoo ya mchanga.

Baada ya hatua kumi hizo, hadi hatua thelathini, majani yafyekwe yawe mafupi. Sisemi kukwangua udongo wote mpaka uwe mtupu. Udongo mtupu hutoa vumbi, na mvua ya kwanza huuchukua na kuacha makorongo. Migomba, mipapai na bustani ya mboga inayomwagiliwa maji ni ukuta mzuri kuliko udongo mtupu, na tena inalisha watoto.

MOTO WA MAPEMA NA MOTO WA MWISHO

Sasa kuhusu pori lenyewe. Watu wengine wanataka kukataza moto wote. Wengine wanataka kila mtu achome apendavyo. Mimi nasimama na wazee, ambao walijua kwamba swali kubwa ni lini.

Ng'ambo ya mpaka wetu, karibu na Ndola katika Zambia ya leo, tangu mwaka 1933 vipande vya pori la miombo viliwekwa kwa majaribio. Kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, wakati majani yangali na maji kidogo. Kingine kilichomwa mwishoni mwa kiangazi. Kingine hakikuchomwa kabisa. Mtaalamu Trapnell alitangaza matokeo mwaka 1959. Mahali pasipochomwa msitu ulizidi kufungamana. Mahali palipochomwa mapema miti ilibaki. Mahali palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miti ilikufa, na majani marefu yakachukua nafasi yake.

Sikilizeni vizuri maana ya jambo hilo. Majani marefu ndiyo chakula cha moto. Hivyo moto wa mwezi wa tisa unatuletea moto mkali zaidi mwaka unaofuata. Tena miti ikiondoka, vinaondoka pia makala ya kesho, asali, bowa na vinkubala tunavyovingoja wakati wa mvua. Mtu anayewasha pori mwezi wa tisa ili apate panya watatu anachoma jikoni mwa kartie nzima.

Kwa hiyo, kipande cha pori kinachogusa kambi kichomwe mapema, mwezi wa tano au mwanzo wa mwezi wa sita, kwa mpango na si kwa kujifichaficha. Wakubwa wa kartie wajulishwe, majirani wajulishwe. Ichaguliwe jioni yenye upepo mdogo, wakati joto linashuka na umande unakaribia. Moto uwashwe kwenye ukingo wa barabara ya moto, upande wa manyumba, ili utembee polepole kinyume cha upepo ukienda mbali na watu. Wawepo watu wazima wa kutosha, wenye matawi mabichi, majembe na maji, nao wasiondoke mpaka kisiki cha mwisho kimezimika. Watoto wasiwepo. Na kama mwezi wa saba umekwisha bila kazi hiyo kufanyika, basi iachwe; tufyeke tu.

SIKU MOTO UNAPOKUJA

Hata mwenye kujikinga anaweza kufikiwa. Tujue mapema la kufanya.

Watoto, wazee, wagonjwa na mama wenye mimba waondoke kwanza, kabla moshi haujawa mzito. Wasipite porini. Waende mahali palipo wazi: uwanja wa mpira wenye udongo mtupu, barabara kubwa, au mahali palipokwisha kuungua na kupoa. Kila kartie ichague mahali pake tangu mwezi wa tano na kila mtoto apajue.

Wanaobaki kulinda wafunge milango na madirisha, waondoe mapazia na mikeka, wavae nguo za pamba za mikono mirefu na viatu vilivyofungwa. Nailoni huyeyuka na kushikamana na ngozi. Hakuna mtu kuwasha moto mwingine wa kukutana na ule unaokuja, isipokuwa kwa amri ya kiongozi mmoja anayejua kazi hiyo. Na mtu asirudi ndani ya nyumba inayowaka kwa ajili ya redio au godoro. Karatasi zenu za kazi, za ndoa, za masomo ya watoto na za pensheni zikae pamoja ndani ya mfuko mmoja karibu na mlango katika kiangazi chote. Mzee aliyeunguliwa na karatasi zake anaweza kujenga ukuta tena kwa miezi mitatu, lakini kuhakikisha miaka yake thelathini ya kazi kunaweza kumchukua maisha yaliyobaki.

Moto ukisha kupita, kazi haijakwisha. Zungukeni manyumba kwa saa nyingi, hata usiku. Angalieni paa, chini ya paa, magunia, uzio. Hapo ndipo manyumba mengi hupotea, wenyewe wakiwa wamekwenda kusimulia habari.

Mtu akiungua, mwagieni maji baridi safi yanayotiririka, dakika 20. Vueni pete na bangili kabla hajavimba. Msipake dawa ya meno, mafuta, siagi wala majivu. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi na mumpeleke dispanseri. Mwenye pumu au mtoto anayehema kwa shida baada ya moshi apelekwe siku ileile, asingoje kesho.

«HIYO NI KAZI YA KAMPUNI»

Nimesikia majibu ya wale wasiokubali. Wa kwanza anasema: «Tunafanya kazi kwa jasho, kampuni itulinde.» Nakubali kwamba kampuni ina sehemu yake. Ina mashine, ina maji, ina watu waliofundishwa, na inapashwa kuvileta pasipo kuombwa mara kumi. Kama mashine inapasua barabara ya moto mwezi wa nane badala ya wa tano, tuna haki ya kusema katika mkutano kwamba imechelewa. Lakini hakuna kampuni duniani itakayokuja kufagia majani juu ya paa la kila mmoja wetu. Na mwenye haki ya kudai ni yule ambaye lupango lake ni safi.

Wa pili anasema: «Mimi nikisafisha, na jirani yangu asiposafisha, kazi yangu ni bure.» Huyu anasema nusu ya ukweli. Nyumba yako safi ina nafasi kubwa zaidi ya kusalia. Lakini ni kweli kwamba nyumba ya jirani ikiwaka, joto lake litakaa saa nzima ukutani kwako, si dakika moja sawasawa na mwali wa majani. Ndiyo maana kazi hii si ya mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo naomba salongo moja katika kila kartie, siku ya posho moja ya mwezi wa tano, yenye mpango huu: asubuhi kila nyumba isafishe hatua zake kumi, kisha wenye nguvu waende kwa wajane, wazee na wagonjwa, jua likipanda ndipo wote waende kwenye barabara ya moto. Nyumba kwanza, barabara baadaye. Tumezoea kufanya kinyume.

Wa tatu hasemi neno, anamwachia bibi. Anafikiri ufagio ni kazi ya mama na watoto. Lakini mama hawezi kupanda juu ya paa na mtoto mgongoni, wala kuhamisha peke yake jiko lililojengwa vibaya na bwana. Baba anayejua kukagua paa la mgodi kabla ya kuanza zamu, akague na paa la nyumba yake.

Wandugu, tunapohesabu ajali za kazi, tunahesabu za mgodini na za kiwandani. Nyumba iliyoungua haiingii katika daftari hilo. Hata hivyo mtu aliyelala nje na watoto, mwenye mawazo ya mahali pa kupata blanketi na bakuli la bukari, atashuka mgodini kesho yake akiwa na kichwa kizito, na huyo ni hatari kwake na kwa wenzake. Usalama hauanzi langoni mwa kazi. Unaanza juu ya paa tunalolala chini yake.

Mvua ikikatika, msingoje moshi. Chukueni ufagio, panga na jembe. Majani ya mwezi wa tano yanakatwa na mtu mmoja kwa asubuhi moja. Majani hayohayo mwezi wa tisa, kambi nzima haitayaweza.